Soko la Krismasi nchini Tanzania

Soko la Krismasi nchini Tanzania ni biashara ya majuma matatu au manne yanayotangulia tarehe 25 Desemba. Hufanyika ndani ya masoko ya kawaida, kwenye magulio na minada ya vijijini, katika stendi za mabasi na kando ya barabara. Si soko la pekee lenye uwanja wake, kama yale ya Ujerumani au Uingereza. Ni masoko yaleyale ya kila siku ambayo hubadilika sura kwa muda: nguo za watoto hutangulia mbele, mchele hupimwa kwa kilo nyingi zaidi, mbuzi hufungwa kando ya njia, na mafundi cherehani huacha kupokea kazi mpya mapema kuliko wateja wanavyotaka.

Msimu huu unaonekana wazi kuliko mahali pengine katika mkoa wa Kilimanjaro, ambako Wachagga waliotawanyika nchini kote hurudi kwao mwezi Desemba. Unajulikana pia Dar es Salaam, ambako bidhaa nyingi huanzia, na katika miji ya kando ya Ziwa Viktoria kama Musoma.

Masoko ya Krismasi ya Ulaya

Jina "soko la Krismasi" limetoka Ulaya ya Kati. Mji wa Vienna ulikuwa na soko la Desemba tangu mwishoni mwa karne ya 13, na soko la Dresden lilianza mwaka 1434. Mwanzoni watu walifika humo kununua nyama na mahitaji ya majira ya baridi. Vibanda vya mbao, mapambo na divai ya moto vilizidi kupata nafasi baadaye.

Uingereza iliiga desturi hiyo hivi karibuni tu. Lincoln, mji wa kale wenye kanisa kuu na ngome juu ya kilima, ulianzisha soko lake mwaka 1982 kwa vibanda vichache, kwa kufuata mfano wa Neustadt an der Weinstraße, mji rafiki wake huko Ujerumani. Soko lilikua hadi likafikia zaidi ya wageni 300,000 kwa siku nne mwaka 2022. Vichochoro vya mji wa kale havikuweza kubeba watu wote hao, na mwaka 2023 halmashauri ya mji iliamua kulifuta kwa sababu za usalama. Miji mingine kama Bath, York, Winchester, Birmingham na Manchester imeendelea na masoko yake.

Tofauti kubwa na Tanzania iko katika shabaha ya safari. Mgeni wa Lincoln au Bath husafiri ili kuliona soko lenyewe. Mtanzania husafiri kwenda nyumbani, naye hupita sokoni kwa sababu haifai kufika mikono mitupu.

Historia

Masoko ya Uchaggani

Masoko ya mlima Kilimanjaro ni ya kale kuliko Ukristo wa huko. Kabla ya ukoloni Wachagga waliishi chini ya watemi wengi waliopigana mara kwa mara, lakini masoko yao yalikuwa mikononi mwa wanawake, na husimuliwa kwamba wanawake waliweza kwenda sokoni na kurudi salama hata wakati wa vita. Walibadilishana ndizi, ulezi, maharage na magadi, chumvi ya nyikani inayotumika kulainisha chakula. Wanawake wa Kimasai walipanda kutoka tambarare wakiwa na maziwa na ngozi. Hata leo mtu anayetembelea soko la Marangu Mtoni au Mwika atakuta wauzaji wengi wa ndizi na nafaka ni akina mama, huku wanaume wakishika zaidi mifugo, nyama na vitu vya dukani.

Wamisionari Wakatoliki wa Shirika la Roho Mtakatifu walianza kazi Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Leipzig walifika Machame mwaka 1893. Krismasi ilifika pamoja nao. Kuifanya sikukuu ya soko, hata hivyo, kulihitaji fedha taslimu, nazo zilitokana na kahawa. Chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa Waafrika mlimani kiliundwa mwaka 1925, na mwaka 1933 kikafuatwa na chama kikuu cha ushirika cha KNCU. Reli kutoka Tanga ilikuwa imefika Moshi tangu mwaka 1911. Kwa njia hizo vitenge, sukari, chai, mchele na bati za kuezekea zilipanda mlimani, na vijana waliosoma katika shule za misheni wakaanza kushuka kutafuta kazi mbali. Ardhi nayo ilikuwa haba. Kihamba, yaani shamba la nyumbani lenye migomba na kahawa, hakiwezi kugawanywa bila kikomo, hivyo kila kizazi kilitoa watoto waliopaswa kuondoka. Krismasi ikawa siku ya kurudi kwa wale ambao kihamba hakikuwatosha.

Mkunazini, Zanzibar

Pwani kuna mahali ambapo Krismasi na soko zilikutana kwa namna nyingine kabisa. Mwezi Juni 1873 Sultani Barghash alitia saini mkataba na Uingereza wa kukomesha biashara ya watumwa kwa njia ya bahari, na soko la watumwa la Mkunazini, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, likafungwa. Kiwanja kilipita mikononi mwa misheni ya Kianglikana ya UMCA. Sehemu yake ilitolewa na mfanyabiashara Mhindi. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, na ibada ya kwanza ikafanyika humo siku ya Krismasi 1877, wakati ujenzi ulikuwa haujakamilika. Askofu Edward Steere, aliyesimamia kazi hiyo, anajulikana pia kwa vitabu vyake vya sarufi na hadithi za Kiswahili. Alifariki mwaka 1882 akazikwa nyuma ya altare.

Kwa hiyo Waanglikana wa Zanzibar husali Krismasi juu ya kiwanja ambacho watu waliuzwa. Soko la Darajani, lililojengwa mwaka 1904 na ambalo bado linahudumia mji wa Zanzibar, liko umbali wa dakika chache kwa miguu.

Kariakoo na safari ya kwenda kwetu

Sehemu kubwa ya bidhaa za msimu huanzia Kariakoo, Dar es Salaam. Jina la mtaa huo limetokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Jengo la soko lilibuniwa na msanifu Mtanzania Beda Amuli na kujengwa katika miaka ya 1970. Tarehe 10 Julai 2021 liliungua vibaya, na wafanyabiashara wake wakahamishwa. Maduka ya mitaa inayolizunguka yaliendelea, nayo ndiyo yanayouza viatu, magauni, mashati, taa za rangi na miti ya plastiki kutoka China.

Wamachinga huona Desemba kama mwezi wa kufidia mwaka mzima. Wengi huchukua mali kwa mkopo kutoka maduka ya jumla mwishoni mwa Novemba, wakitegemea kuilipa kabla ya sikukuu. Mali isiyouzwa hadi jioni ya tarehe 24 hushuka thamani usiku huohuo. Ndiyo sababu amri ya mwaka 2021 ya kuwaondoa wamachinga kando ya barabara na kuwapeleka kwenye maeneo maalumu iliwagusa sana: mteja wa Krismasi hununua akiwa njiani, na maeneo mapya hayakuwa njiani mwake.

Wauzaji wengi wa Kariakoo ni Waislamu, kama walivyo wakazi wengi wa pwani. Hilo halizuii biashara wala majirani kualikana. Pilau, chakula cha pwani, imekuwa chakula cha Krismasi hata bara, katika nyumba ambazo hula ndizi au ugali siku nyingine zote.

Kutoka Dar es Salaam hadi Moshi ni takriban kilomita 550. Kwa miaka mingi mabasi yaliondokea Ubungo. Tangu 2021 yanatumia stendi ya Magufuli huko Mbezi Luis. Kuanzia katikati ya Desemba tiketi huwa adimu. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019, hupanga nauli za juu kabisa na hutoa vibali vya muda kwa magari ya ziada. Hata hivyo malalamiko ya nauli kupandishwa na madalali wa stendi husikika kila mwaka. Mwezi Desemba 2019 treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi ilirudi baada ya zaidi ya miaka 20, na kwa familia zenye watoto wengi na mizigo ilikuwa nafuu kubwa. Mabasi kusafiri usiku, jambo lililokatazwa kwa miongo kadhaa, yaliruhusiwa tena mwaka 2023.

Buti la basi la Desemba ni soko linalotembea: magunia ya mchele, madumu ya mafuta ya kula, katoni za sabuni, blanketi la bibi, redio au televisheni, na mabegi ya nguo za watoto ambazo hazitavaliwa mpaka asubuhi ya tarehe 25.

Sokoni Uchaggani

Msafiri akishafika Moshi bado ana ununuzi. Mjini kuna Soko Kuu, Mbuyuni kwa nafaka na vyakula, na Memorial kwa mitumba. Wauzaji wa mitumba huweka kando nguo nzuri za watoto kutoka kwenye marobota yaliyofunguliwa wiki za nyuma, wakingojea Desemba. Mzazi hununua kwa kukisia, kwani mtoto aliye kijijini kwa bibi amekua tangu mwaka jana. Viatu hununuliwa vikubwa kidogo.

Kuelekea mashariki, Himo ni njia panda ya Marangu, Rombo na mpaka wa Holili, na magari hujazana hapo. Juu zaidi yapo magulio ya Marangu Mtoni, Mwika na ya Rombo; upande wa magharibi yapo ya Machame na Kibosho. Kila gulio lina siku zake katika juma, lakini wiki ya Krismasi siku hizo hupoteza maana na watu huuza kila siku.

Vitu vinavyotafutwa humo ni vya aina mbili. Vya kwanza ni vya mbege, pombe ya Wachagga. Ndizi mbivu huchemshwa kwa muda mrefu na kuachwa siku kadhaa zichachuke. Kisha huchanganywa na uji wa kimea cha ulezi, na gome la msesewa huongeza uchungu. Ndizi zinapatikana nyumbani, lakini mashamba ya ulezi yamepungua sana, hivyo familia nyingi hununua ulezi sokoni. Kazi hii huchukua takriban juma zima, na anayenunua ulezi tarehe 22 amechelewa. Katika nyumba za madhehebu yanayokataza pombe nafasi yake huchukuliwa na soda, ambazo hununuliwa kwa makreti.

Vya pili ni nyama. Mbuzi na ng'ombe hutoka tambarare, kwa sehemu kubwa kwa wafugaji Wamasai, ambao kwa Kiswahili cha mnadani wanajua vizuri thamani ya tarehe. Mbuzi dume mnene ndiye anayetafutwa. Anachinjwa nyumbani, mara nyingi wanaume wa ukoo wakiwa wamekusanyika, na sehemu za nyama hugawanywa kwa cheo: ya baba, ya mama, ya mjomba, ya mkwe. Damu na nyama za ndani hupikwa kisusio. Mbuzi mzima aliyechomwa, yaani ndafu, siku hizi huonekana zaidi kwenye harusi, lakini wenye uwezo huagiza pia kwa Krismasi. Mtori wa ndizi na nyama haukosekani.

Kwa kuwa ukoo wote uko nyumbani, siku hizi ndizo pia za vikao. Mipaka ya kihamba hujadiliwa, makaburi yaliyo shambani husafishwa, wachumba hutambulishwa, na waliokosana hupatanishwa kwa jani la isale. Mtu ambaye hajarudi kwa miaka kadhaa huulizwa na kila anayekutana naye sokoni. Wapo wasiorudi kwa sababu hawana cha kubeba. Hili halizungumzwi sana, lakini kila ukoo unaye mmoja.

Musoma na Mara

Katika mkoa wa Mara msimu huu hauna kishindo kama cha Kilimanjaro, ingawa safari ni ndefu zaidi: Musoma iko zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam kwa barabara. Wengi wanaorudi hutoka karibu, hasa Mwanza, na wengine huenda tu kutoka Musoma mjini hadi vijiji vya Butiama, Bunda na pwani ya ziwa. Wakwaya, Wajita, Wazanaki, Wakurya, Wajaluo na wengine wanakutana katika soko moja la mjini, na hakuna kabila moja linaloweza kuiita Krismasi ya Musoma kuwa yake.

Mchele, nguo na kuku vinanunuliwa kama kwingineko. Kinachoifanya Musoma iwe tofauti ni samaki. Makoko, kata ya manispaa iliyo kando ya ziwa na inayojulikana kwa shule ya lugha ambako wamisionari wengi Wakatoliki walijifunza Kiswahili, iko jirani na maji ambamo wavuvi hutafuta sato, sangara na dagaa. Sangara mkubwa huenda viwandani kwa ajili ya kuuzwa nje ya nchi. Sato ndiye samaki wa meza ya sikukuu, na msafiri anayetoka Musoma kwenda kula Krismasi mahali pengine hubeba sato waliokaangwa au kukaushwa, au furushi la dagaa.

Dagaa wana kalenda yao. Huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufaa gizani tu. Mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika kwa siku kadhaa. Kwa hiyo upatikanaji wa dagaa wakati wa Krismasi hutegemea mwezi uko wapi tarehe 25. Mwaka 2015 mwezi mpevu uliangukia siku ya Krismasi yenyewe. Mwaka wa namna hiyo mitumbwi ya dagaa hutulia ufukweni katika juma ambalo wanunuzi wana fedha, na mvuvi huingia sikukuu akitegemea akiba ya giza lililopita. Mwezi ukiwa mwandamo karibu na Krismasi, mambo hugeuka: mzigo ni mwingi, bei ni nzuri kwa mnunuzi, na wavuvi vijana hukosa mkesha kanisani kwa sababu wako ziwani.

Ishara ya msimu huu katika miji mingi ni mkakaya (Delonix regia), mti uliotoka Madagaska na ambao watu wengi huuita tu mti wa Krismasi kwa kuwa huchanua maua mekundu mwezi Desemba. Ni mti usiouzwa na mtu yeyote.

Bei

Kila mwaka husemwa kwamba wafanyabiashara hupandisha bei kwa sababu ya Krismasi. Kwa baadhi ya vitu ni kweli. Kuku wa kienyeji, mbuzi, nauli na kusuka nywele hupanda katika siku kumi za mwisho na hushuka Januari, bila sababu nyingine isipokuwa wingi wa wanaotaka.

Kwa vitu vingine lawama inamwangukia mtu asiyehusika. Mpunga wa mikoa mingi huvunwa katikati ya mwaka, na mahindi ya kaskazini hufuata. Hadi Desemba nafaka imekaa ghalani miezi mingi, imepungua, na gharama ya kuihifadhi imeongezwa. Bei ingepanda hata kama kusingekuwa na sikukuu. Nyanya na mboga hutegemea mvua za vuli, ambazo zikizidi huozesha mazao shambani na kuharibu barabara za kuyaleta, na zikikosekana husababisha uhaba. Mama anayenunua mchele mwezi Agosti na kuuweka hushinda msimu mzima wa Desemba, na wapo wanaofanya hivyo kupitia vikundi vya kuweka akiba. Wanachama huchanga kidogo kila wiki, na mwezi Desemba hugawana fedha, au hununua kwa pamoja ng'ombe, mchele na mafuta kwa bei ya jumla.

Lawama

Viongozi wa dini za Kikristo huhubiri mara kwa mara dhidi ya kuifanya Noeli kuwa sikukuu ya nguo na pombe. Polisi wa usalama barabarani huonya juu ya mwendo kasi, kwani Desemba barabara kuu hubeba magari mengi, madereva waliochoka na wengine waliokunywa. Katika Uchaggani wapo pia wanaolalamika kwamba kurudi nyumbani kumekuwa mashindano ya magari, nyumba na mbuzi, na kwamba mwenye kipato kidogo hukopa ili asionekane ameshindwa mjini.

Deni hilo hukutana na Januari. Mwaka wa shule nchini huanza mwezi huo, na ingawa ada ya shule za umma iliondolewa kuanzia mwaka 2016 kwa elimu ya msingi hadi kidato cha nne, sare, viatu, madaftari na michango mingine hubaki kwa mzazi. Wauzaji wa sokoni wanalijua hili. Meza iliyokuwa na magauni tarehe 24 Desemba huwa na sare na mabegi ya shule kabla ya Mwaka Mpya, na baadhi ya wazazi huchagua kiatu cheusi cha ngozi kwa Krismasi ili kiendelee kuvaliwa darasani.

Baada ya tarehe 26, ambayo ni Siku ya Kupeana Zawadi na sikukuu ya taifa, biashara hugeuka upande. Wanaorudi mijini hufungashiwa mkungu wa ndizi, maharage, magimbi na kuku hai aliyefungwa miguu, na wasio na shamba la kuwafungashia hununua vitu hivyohivyo Himo au kando ya barabara kabla basi halijaanza kushuka.